Topping E30: nimelipa 340,000, sarafu ya 200 ikaniumbua

Wakuu, hiki kidude, kiboksi cha kupitishia sauti ya kompyuta kwenda kwenye amplifaya, nimekaa nacho miezi minne ndo naandika, maana ningeandika wiki ile ya kwanza ningewadanganya, tena ningewadanganya kwa moyo mweupe kabisa.

Mziki wangu ni wa kawaida. Amplifaya ya Yamaha ya zamani niliyoitoa Dar kwa wauza used, spika mbili za mbao za kukaa juu ya stendi, na kompyuta ndo inapiga, nyimbo nyingi nimezihamisha mwenyewe kutoka kwenye CD. Sabufa hamna, mke wangu aliikataa toka tukiwa Dar, anasema vikombe vinaongea kabatini. Nasikiliza rumba za zamani, kwaya, na ngoma za Kigogo, maana nimepanga hapa mtaa wa Kisasa, Dodoma, miaka sasa na hawa watu wana zeze na ilimba (ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ambazo ukishazisikia ana kwa ana kwenye harusi huko Chamwino hutaki tena kuzisikia zikipigwa vibaya. Ilimba ina ule mvumo wake wa kukwaruza nyuma ya noti, spika mbovu inaufuta wote unabaki unasikia kama mtu anagonga vijiko.

Tatizo lilikuwa tundu la hedifoni la kompyuta. Nikichomeka waya wa AV kwenda kwenye amplifaya napata nguuu ya chini muda wote, afu juu yake kuna kamlio kama nzi kwenye chupa, ukisogeza mausi na yeye anasogea. Nikamwita fundi mmoja wa Majengo, akasikiliza nusu dakika akasema "mzee hapo ni DAC ya kompyuta, weka ya nje uone maajabu." Nikaingia mtandaoni kusoma na hapo ndo nilipopotea. Huko wanaandika kama watu waliookoka, eti pazia limefunuka, eti mwimbaji amekaa sebuleni nao.

Kwa asiyejua, DAC ndo kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti. CD tangu ilipotoka 1982 kwa Sony na Philips ni sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli biti 16, yaani ngazi 65,536, na DAC inazirudisha hizo namba kuwa wimbi. Simu yako inayo, TV inayo, king'amuzi kinayo. Kwahiyo ukinunua ya pembeni hununui kitu ambacho hukuwa nacho, unanunua cha pili. Hii sentensi ningeisoma mapema ningekuwa na laki tatu zangu.

Nikaagiza E30, ikaja na kago hadi Kariakoo, ikapanda basi mpaka Dodoma, jumla 340,000 mpaka mkononi. Boksi safi. Kidude chenyewe ni kama kiganja, cha chuma, kina skrini ndogo inayokuonyesha faili ni la kilohezi ngapi, kina remoti. Inapokea USB, optiko (waya wa mwanga) na koaksia, inatoa pini nyekundu na nyeupe nyuma. Chaja haimo, kuna waya tu, inakula volti 5 kwahiyo chaja ya simu inatosha. Hedifoni haina pa kuchomeka, hilo mjue mapema, kuna watu wanainunua wakidhani ipo.

Usiku wa kwanza ilikuwa Jumamosi, watoto wamelala, hata upepo wa Dodoma uliamua kutulia. Nikaweka zeze. Aisee. Besi imenenepa, mvumo wa ilimba uko pale, kina mama wapiga ngoma za muheme kila mmoja na nafasi yake, mwili ukanisisimka kabisa sitanii. Nikaita, "Mama Upendo, njoo usikie hii!" Akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema "nimesikia, umeongeza sauti," akarudi jikoni.

Nilimwona hana masikio. Hiyo kauli iwekeni pembeni tutairudia.

Wiki mbili baadaye akaja binti yangu kutoka UDOM, anasoma takwimu, wikendi anakuja kula na kufua. Nikamkalisha, nikampa somo zima, pazia limefunuka na nini. Akaniuliza "baba unajuaje kama ni hiki kidude na sio hamu yako?" Nikamwambia mwanangu masikio haya yana miaka 47. Akacheka, akatoa sarafu ya 200.

Mpango wake ulikuwa hivi. Upande mmoja E30, upande wa pili kile ki-adapta cheupe cha Apple cha kuingiza hedifoni kwenye tundu la USB-C, nilikipata kwa 35,000 hapa mjini, Marekani wanakiuza dola 9. Watu hawajui lakini ndani ya kile kiwaya kuna DAC kamili. Vyote viwili vinaingia kwenye amplifaya, kimoja CD kingine AUX. Mimi nakaa kwenye kochi naangalia ukuta, yeye nyuma anarusha sarafu, ikija Karume ni E30, ikija simba ni adapta, na kila raundi anazungusha swichi kwenda na kurudi hata kama kinachopiga ni kilekile, ili nisije nikajua kwa mlio wa swichi. Mimi nasema, yeye anaandika. Raundi 20.

Nikapata 18. Nilisimama nikacheza, kwa kweli. Nikamwambia nenda kawaambie walimu wako.

Akasema "baba, hiki kimoja kinapiga kwa nguvu kuliko mwenzake."

Na ni kweli, hata kwenye maelezo ipo wazi, E30 inatoa kama volti 2 na ile adapta kama volti 1, hiyo ni desibeli 6 ambazo mtu yeyote anasikia. Lakini kilichonishangaza ni kwamba mi sikusikia "nguvu", nilisikia "uwazi" na "besi". Kumbe sikio ndo lilivyo, sauti ikipanda kidogo halikuambii imepanda, linakuambia imekuwa nzuri. Wauza spika madukani wanalijua hili toka enzi, ile wanayotaka uinunue wanaipandisha kidogo tu afu wanakuacha ujisemeshe mwenyewe.

Nikaenda kuazima mita kwa jirani fundi umeme. Tukapiga mlio mmoja wa hezi 100, maana hizi mita za bei ndogo zinaaminika kwenye masafa ya chini, tukapima pale nyuma ya spika waya zinapoingia, nikashusha E30 kwa remoti mpaka mita ikawa inasoma karibu sawa kwa vyote viwili. Afu tukaanza upya. Nyimbo zilezile, kochi lilelile.

11 kati ya 20.

Nikasema nimechoka, tukalala. Jumapili baada ya ibada tukarudia nikiwa nimekula na nimetulia, nikapata 9. Jumla 20 kwa 40, yaani sarafu yenyewe ingejibu ingepata hizohizo. Binti akanieleza kwamba kwa kubahatisha tu mtu kufika 15 au zaidi kati ya 20 inatokea kama mara 2 katika 100, kwahiyo ningefika huko angenisikiliza. Ile Jumapili sikuongea sana. Jambo baya zaidi ni kwamba wakati wa jaribio nilikuwa na uhakika, raundi ya saba ningeweza kuapa ni E30, zeze imepumua kabisa. Ilikuwa simba.

Nilijitetea, mtu na 340,000 yake lazima ajitetee. Nikasema labda filta, yaani namna kidude kinavyokata sauti za juu kabisa. E30 ina filta kadhaa unachagua kwa remoti na kuna watu wanaziandikia kurasa. Nikazipitia zote, hamna kitu, afu nikacheza milio ya majaribio nikagundua kuanzia kilohezi 14 kwenda juu mimi nasikia kimya, na hizo filta karibu kazi yao yote iko pale jirani na 20. Nikaacha.

Lakini sasa wale wanaosema DAC zote ni sawa na wao siwaungi mkono, maana tulipokuwa na mita na sarafu tukaendelea. Tundu la kompyuta nilipata 20 kwa 20, hiyo hata ukilala unaitambua, nzi yumo. Kile kiboksi cheusi kisicho na jina cha kutoa sauti ya TV kwa optiko, cha 15,000, nilipata 16, kina mchanga fulani kwa nyuma, sshhh, unausikia muziki ukishuka. Na ziko DAC za makusudi zisizo na filta ile ya kawaida, hizo kwa hesabu tu kwenye muziki wa CD zinashuka kama desibeli 3 zikifika kilohezi 20, na nyingine wanaweka taa za zamani (zile vali za kioo za redio za kale) mwishoni ili zichafue sauti kidogo kwa utamu. Hizo zinaweza kusikika tofauti, ndo zilivyoundwa. Ila zile zilizotengenezwa vizuri kwa nia ya kutoa kilichomo tu, ukizisawazisha sauti, sijui unasikiliza nini. CD yenyewe ina nafasi ya kama desibeli 96 kutoka kimya mpaka juu, na sebule yangu yenye mbwa wa Kisasa usiku haijawahi kuona kimya cha namna hiyo.

Halafu ile nguuu. Hapa fundi alikosea na mi nilikosea. E30 kwa USB ilimfukuza nzi lakini nguuu ikabaki, imepungua tu. Siku moja nikachomoa chaja ya kompyuta, kimya. Kumbe ni umeme unazunguka kupitia waya wa chaja kuja kwenye amplifaya, ule mvumo wa hezi 50 na wenzake, na USB inaubeba vizuri tu kwa sababu ni waya wa shaba. TV kwenye E30 nimeunganisha kwa optiko, ule waya unapitisha mwanga haupitishi umeme, na hapo kimya ni kimya kweli. Kwahiyo kama shida yako ni mvumo jaribu kwanza kuchomoa chaja, ni bure.

Tuje kwenye lililoniuma. Mwezi wa pili foamu za spika zilikuwa zimeanza kuachia pembeni, hili jua na ukavu wa huku sijui kama zina urafiki na foamu, fundi yuleyule akabadilisha zote kwa 40,000. Siku aliyorudisha sikuhitaji sarafu. Na sebule yangu ni marumaru chini, jipsamu juu, dirisha kubwa la alumini, ukipiga kofi inakujibu, nikaning'iniza blanketi zito nyuma ya kochi, nikatandika zulia, mke wangu akasema sasa hata kwaya anaelewa maneno. Mke wangu. Yule wa "umeongeza sauti."

Sasa E30 ni mbaya? Hapana, na ndo maana sijaiuza. Haijazima hata siku moja, remoti inafanya kazi kutoka kwenye kochi, inaniunganishia TV na kompyuta kwa pamoja, optiko imeniondolea nguuu, na TV yangu haina njia nyingine ya maana ya kutoa sauti. Kama una amplifaya ya zamani isiyo na optiko na unataka TV iingie humo, nunua, utafurahi. Kama una kompyuta yenye nzi, nunua adapta ya 35,000 kwanza. Kama unataka zeze ipumue, hiyo 340,000 peleka kwenye spika au zulia. Mimi nilinunua kitu kizuri kwa sababu isiyo sahihi.

Adapta sinayo tena, binti kaondoka nayo hosteli. Nilimwambia hiyo ilikuwa ya majaribio tu, akasema "baba wewe baki na hiyo yenye skrini, mi hii hii inanitosha," na ile sarafu ya 200 kaiacha juu ya amplifaya, imelala upande wa simba.