Vakyumu ya ukutani kwenye karakana ya nyumbani: uzoefu wangu, Tanga

Karakana yangu ni banda la uani hapa Ngamiani. Meza ya msumeno ikishakaa, watu wawili hawapishani. Humo vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) ya magurudumu ni kero tupu: mpira unajisokota kwenye miguu ya meza, na mashine yenyewe iko palepale unapotaka kusimama. Ndiyo maana nikatafuta ya kutundika. Naitumia tangu kabla ya masika, kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza umeme, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Vakyumu nyingi za ukutani zinazosifiwa kwenye video ni za soko la Marekani, volti 120. Sisi tuna 230. Ukiichomeka hivihivi, mota imekwenda. Utaambiwa ununue transfoma. Sawa, lakini mashine ya ampia 12 kwa volti 120 inakula wati 1,440, kwa hiyo unahitaji transfoma ya wati 2,000 au zaidi: dude zito, la bei, linalokaa chini kwenye nafasi ileile uliyotaka kuiokoa. Zote za namna hiyo nikaziacha, hata zile nzuri.

Halafu kuna hizi hospawa, yaani nguvu za farasi. Kariakoo muuzaji mmoja alinisogezea boksi: "Bosi wangu, hii hospawa tano, inanyonya mpaka mchanga." Hospawa moja ni wati 746, tano ni wati 3,730. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, ambayo kwa volti 230 ni wati 2,990. Sasa hizo tano zinapitia wapi? Ni nguvu ya kilele, namba ya kupambia boksi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu igeuze tusome kibandiko." Wati 1,200. Nikaichukua hiyohiyo, kwa sababu wati 1,200 zinatosha karakana ya nyumbani, na kwenye LUKU ni yuniti moja na kidogo ukifyonza saa nzima mfululizo, jambo ambalo hakuna anayelifanya.

Kilichonivutia hasa ni mpira wake. Mwembamba wa milimita 32 unaziba ukikutana na vipande vya mbao. Huu ni mnene zaidi kidogo na unafika kona zote za banda. Ubaya ni kwamba haukuingiana na tundu la mashine ya msasa. Dawa yake ilikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimevutwa juu ya maungio yote mawili. Hakivujishi, na kinachomoka kirahisi.

Kuifunga ndiko kulikokula muda. Ukuta wa nyuma ni wa zamani, mawe na chokaa. Drili iliingia kama kwenye mkate, unga mweupe ukamwagika na fisha (kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani) ikawa inazunguka tu. Nikachukua ubao wa mninga, nikaubana kwa bolti zinazotoboa ukuta hadi nje na washa pana upande wa pili, kisha mashine ikakaa juu ya ubao. Ukumbuke tangi la lita 15 likijaa maji linaongeza kilo 15. Skrubu zangu ni za stenlesi, maana hewa ya bahari hapa haina huruma na chuma. Na tundika usawa wa kifua: ukiliweka tangi juu ya kichwa, siku ya kulimwaga utaoga vumbi.

Kazini iko vizuri. Nikipiga msasa mkongo, meza inabaki safi, na koo halikwaruzi usiku. Hili si la kudharau. IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, imeliweka vumbi la mbao kundi la 1, yaani linasababisha saratani kwa binadamu, na mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Ila filta ya kitambaa iliyokuja nayo inakamata unga mkubwa na kuutema ule laini kwa nyuma, nao ndio mbaya zaidi. Weka ya HEPA, inayozuia asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Wakati wa masika vumbi linashika unyevu na kuganda kwenye mikunjo, basi unaigongagonga nje mara kwa mara. Barakoa usiiache.

Randa ya umeme haiwezi, tuambiane ukweli. Maranda yanajaza tangi kabla ubao haujanyooka. Tunayafagia, jirani anayefuga kuku anayachukua. Na ukiwa na grinda, usifyonze cheche za chuma kwenye tangi lenye unga wa mbao. Moto unaweza kufukuta humo taratibu na wewe umeshafunga mlango.

Linaloniudhi ni swichi. Iko kwenye mashine yenyewe, basi kila kuzima ni safari hadi ukutani. Kelele nazo zipo; ikiadhiniwa naizima.

Ukiwa na nafasi kubwa, ya magurudumu itakugharimu kidogo kwa nguvu zilezile. Ukiamua ya ukutani, nunua filta mbili za akiba siku hiyohiyo dukani, maana zinazoingia kwenye yangu madukani hapa mjini sijaziona, na kuagiza moja moja Dar nauli ya parseli inakaribia bei ya filta.