Tahadhari: Muuzaji wa Safari za Naivasha Aliyetoweka na Pesa za Chama Chetu

Ninaandika tahadhari hii kwa niaba ya kina mama 13 wa chama chetu kilichoko Umoja, Nairobi, ambacho mimi ni mweka hazina wake. Ninaiandika kabla ya likizo ya Desemba kwa sababu ukurasa wa mtandaoni uliotuuzia safari ya Naivasha na kutulaghai bado unapokea wateja. Jina lake silitaji, kwa kuwa limebadilishwa mara mbili tangu Oktoba na suala lenyewe liko mikononi mwa polisi, lakini mbinu yake ni ile ile na ndiyo ninayotaka muijue.

Safari ilikuwa ya wikendi ya sikukuu ya Mashujaa, mwezi wa Oktoba. Tulitaka kumpeleka Shosho, mama wa mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka 71 ambaye alifundisha watoto habari za Bonde la Ufa kwa miaka mingi bila kuwahi kufika Ziwa Naivasha, ilhali ni mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Muuzaji alitutoza shilingi 7,500 kwa kila mtu, yaani 105,000 kwa watu 14, na katika bei hiyo alisema tutapata gari, malazi ya usiku mmoja katika hoteli iliyo kando ya ziwa, chakula, kiingilio cha Mbuga ya Hell's Gate, boti na matembezi katika Kisiwa cha Crescent. Bei hiyo haikuwa ya kutupwa. Angetuitisha 3,000 tungeshtuka. Alichagua kiasi ambacho mtu anayeijua Naivasha angekiona kuwa cha haki, tena akakubali tulipe kwa awamu mbili.

Awamu ya kwanza, shilingi 50,000, niliituma kwa nambari ya malipo ya biashara, na jina lililojitokeza lilifanana na la ukurasa. Siku mbili kabla ya safari alinipigia, akasema nambari hiyo ina hitilafu na hoteli inataka salio kabla ya jioni, kisha akanipa nambari ya simu ya kawaida. Nilikuwa ndani ya matatu nikielekea kazini, nimebanwa dirishani, mkoba magotini. M-Pesa ilinionyesha jina la mtu nisiyemjua, na nikakubali, kwa kuwa nilihofia kina mama wakose vyumba kwa sababu yangu. Sekunde zile chache ambazo jina hubaki kwenye skrini ndizo zilizonigharimu shilingi 55,000 za watu walioniamini.

Gari lilikuja saa kumi na mbili asubuhi kama tulivyoahidiwa, na hilo ndilo lililotuondolea shaka yote. Tuliteremka barabara ya Mai Mahiu tukiimba. Dereva, kijana mwenye adabu, naye alikuwa amepewa pesa za mafuta ya kwenda tu na kuambiwa kwamba ujira wake angelipwa na sisi tukifika, jambo tulilolijua tulipokuwa tayari tumesimama kwenye Lango la Elsa, la kuingilia Mbuga ya Hell's Gate.

Hapo langoni afisa aliichukua stakabadhi tuliyotumiwa, akaiangalia kwa muda, kisha akaingiza nambari yake katika mashine. Alinigeuzia mashine nisome mwenyewe: stakabadhi ilikuwa ya watu wazima wawili, na ilikuwa imetumika Septemba. Nilipoitazama karatasi upya ndipo nilipoona kwamba tarakimu za tarehe na za idadi ya watu zilikuwa nene kuliko maandishi mengine yote. "Mama, pole," afisa aliniambia, "nyinyi si wa kwanza." Hotelini mhudumu alitafuta jina la chama, langu na la Shosho, asipate hata moja. Picha tulizotumiwa, zenye bustani na migunga ya magome ya manjano, zilikuwa za hoteli hiyo kweli, ila zilichukuliwa kutoka kwa ukurasa wao bila idhini.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye kupanga safari hii alielewe ni kwamba Naivasha haina mwenyewe mmoja. Mbuga ya Hell's Gate iko chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS, na kiingilio chake hulipiwa kupitia eCitizen, wala pesa taslimu hazipokelewi langoni. Kisiwa cha Crescent ni cha watu binafsi na kina ada yake, mbali na nauli ya boti inayokufikisha huko. Boti nazo zina wenyewe, na kwa kawaida hukodiwa nzima kwa saa. Baiskeli za kuzungukia mbuga hukodishwa karibu na lango, na mwongozaji wa kukushusha katika korongo lililo ndani ya mbuga hulipwa kando. Kwa hiyo mtu akikuuzia vyote hivi kwa karatasi moja, pigia simu kila mahali kivyake kabla hujatuma hata shilingi, na nambari uitafute mwenyewe, usitumie aliyokupa muuzaji. Mimi nilipiga simu "hotelini" kwa nambari aliyonipa yeye, nikajibiwa kwa heshima zote na mtu ambaye sasa ninaamini alikuwa mwenzake. Vilevile muulize leseni yake ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kisha uithibitishe kwa mamlaka yenyewe.

Ratiba yake pia ingenifumbua macho kama ningeisoma kwa makini. Siku ya kwanza peke yake ilikuwa na kupanda Mlima Longonot, Hell's Gate, Kisiwa cha Crescent na makumbusho ya Elsamere, nyumbani kwa marehemu Joy Adamson, mwandishi aliyemlea simba Elsa. Longonot una mita 2,776, na kuupanda na kuizunguka kreta yake ni kazi ya saa nne au tano kwa mtu mwenye nguvu, sembuse Shosho. Lililonikera zaidi ni kwamba alituandikia kushuka katika Korongo la Ol Njorowa saa kumi jioni, bila mwongozaji, katika msimu wa vuli. Mafuriko ya ghafla yameua wageni katika korongo hilo mwaka 2012 na tena 2019, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali nao. Mtu anayeuza ratiba ya namna hiyo anacheza na maisha ya watu, wala si pesa zao tu.

Tulichanga tulichokuwa nacho, tukamlipa dereva haki yake, na katika ufuo wa umma wa Kamere tukakodi boti mbili kwa saa moja. Mwenye boti alimfunga Shosho jaketi la kuokolea maisha kwa mikono yake mwenyewe na kulikaza mara mbili. Tuliwaona viboko watatu kwa mbali. Jioni hiyo hiyo tukarudi Nairobi.

Ujumbe wa malipo niliupeleka kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba malipo ya M-Pesa yarudishwe, siku hiyo hiyo, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa. Tumeandikisha taarifa polisi na tumepewa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Afisa anayeshughulikia suala hili ametueleza kwamba walalamishi wengi wenye ushahidi unaofanana watasaidia kuonyesha kwamba ulaghai huu ni wa mtu yule yule. Iwapo ulitumiwa stakabadhi ya Hell's Gate yenye tarakimu nene kwenye tarehe, au uliambiwa utume salio kwa nambari ya kawaida kwa sababu ile ya biashara ina hitilafu, tafadhali usifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo yenu, andikisha taarifa katika kituo kilicho karibu nawe, kisha niandikie faraghani ili nikupe nambari yetu ya OB uiambatishe na yako.