Uzoefu wangu na Seiko 6139, kronografu ya otomatiki ya 1969 ambayo unaweza kuivaa kila siku

Wadau wa saa za zamani, hii nimekaa nayo mkononi muda mrefu, sio kwenye droo, kwa hiyo naongea ninachokijua. Yangu ni 6139-6005 uso wa njano, toleo lile lile ambalo mwanaanga William Pogue alipanda nalo Skylab, kituo cha anga cha Wamarekani, mwaka 1973 akakaa huko juu siku 84, na wala NASA hawakumpa, ilikuwa saa yake mwenyewe.

1969 ndo mwaka kronografu za otomatiki, yaani saa zenye kipima muda ndani na zinazojijaza zenyewe mkono ukitembea, zilipotokea, tena kwa kufuatana, kampuni ya Zenith wakatangaza El Primero yao Januari, Heuer na Breitling na wenzao wakaja na Chronomatic mwezi Machi, na Seiko mwaka huo huo wakaingiza 6139 sokoni. Watu wanabishana nani alitangulia, mi hilo silipi uzito kabisa, kinachonivuta ni hii ya Seiko ilivyoundwa ndani. Ina klachi ya wima, yaani ukibonyeza batani ya juu mshale wa sekunde unaondoka hapo hapo kwa ulaini, hauruki kama kwenye kronografu nyingi za zamani ambazo gia inasogezwa kutoka pembeni mpaka meno yakutane. Halafu 6139 haina mshale mwingine wa sekunde, kwa hiyo naiacha kronografu itembee kutwa nzima na sijaona ikichelewa kwa sababu hiyo. Raha sana kuiangalia jamani.

Kutia ufunguo kwa mkono haiwezekani, ikilala unaitikisa kidogo inaamka. Kile kinobu cha pembeni ukikibonyeza nusu tarehe inaruka, ukibonyeza mpaka mwisho siku inabadilika, ukikizungusha inazunguka ringi ya ndani ya kioo, ukikivuta unarekebisha saa. Kidude kimoja kazi nne, hii akili naiheshimu.

Kwenye kununua ndo penye kazi. Nyingi zinazouzwa zimekorogwa, uso wa feki umewekwa kwenye bodi ya zamani, au chuma kimesuguliwa mpaka kona zote zimeisha, na muuzaji anakwambia iko kama mpya, sasa saa ya miaka 50 kuwa kama mpya ndo ikufanye uulize maswali zaidi. Angalia maandishi, feki huwa yananenepa au yamekaa upande. Omba video, batani ya chini ikibonyezwa mshale mkubwa lazima urudi 12 kamili na kile kisahani cha dakika 30 kirudi sifuri, ukisimama pembeni ya alama jua kuna kazi ya fundi. Namba ya kwenye mfuniko wa nyuma, tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili mwezi, ila ikianza na 9 usikimbilie kushangilia 1969, inaweza kuwa 1979, toleo lenyewe ndo litakuamulia.

Na kabla hujalipa tafuta kwanza fundi anayeijua hii mashine, maana sapea nyingi zinapatikana kwa kuchinja saa nyingine, na hiyo klachi sio ya kumpa mtu ajifunzie. Mi nikiwekewa mbili, moja inang'aa na nyingine ina mikwaruzo, njano imefifia lakini kila kitu ni chake cha kuzaliwa, nachukua ya mikwaruzo bila kufikiria.