Casio F-91W kwa mkimbiaji wa chuo: inatosha, ila ijue vitufe vyake

Mwanafunzi anayekimbia mita 1,500 hadi 10,000 anataka saa imfanyie mambo matatu: imwamshe kabla ya kupambazuka, impimie raundi uwanjani, na imuwahishe kwenye kipindi cha saa mbili asubuhi. Casio F-91W, ile saa nyeusi ya plastiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, inayafanya yote. Ina uzito wa gramu 21, mkononi hutaihisi, na bumu (fedha ya kujikimu ya mwanafunzi) halitoboki.

Tuanze na alamu, maana ndipo wengi wanapokosa mazoezi. Ni moja tu na sauti yake ni nyembamba. Ukiifukia chini ya mto, imekwisha. Iweke juu ya ndoo iliyofunikwa au kabati la bati, mlio utavuma. Tatizo kubwa zaidi ni PM. Saa kumi na moja kasorobo ya alfajiri na ya jioni zote huandikwa 4:45, na alama ya PM ni ndogo mno kwa macho yenye usingizi. Ukiwa kwenye uso wa saa, bonyeza mara moja kitufe cha kulia ili isome kwa saa 24. Alfajiri itakuwa 4:45, jioni 16:45.

Kupima mbio: bonyeza kitufe cha chini kushoto mara mbili. Cha kulia kinaanzisha na kusimamisha. Cha juu kushoto kinagandisha namba huku muda ukiendelea ndani, na ukikibonyeza tena kinaiachia. Haihifadhi raundi hata moja, kwa hiyo jumla zikae kichwani. Anayetaka mita 5,000 kwa dakika 15 anakwenda raundi kwa sekunde 72: atafute 1:12, 2:24, 3:36, 4:48, na 6:00 akimaliza mita 2,000. Mkizoea hesabu hiyo, kukosa kumbukumbu hakuumi sana.

Kinachouma ni taa. Kitufe cha taa ndicho hichohicho cha kugandisha, na ndicho kinachofuta. Umemaliza mita 400 ya mwisho bado giza, umesimamisha saa, ukabonyeza taa usome: sifuri. Gizani usisimamishe kwanza. Bonyeza taa saa ikiwa bado inakwenda, namba igande, usome. Hata hivyo taa iko upande wa kushoto, kwa hiyo tarakimu za kulia huonekana kwa shida.

Kipimo hufika 59:59.99 kisha kinaanza upya. Mbio ndefu ya kilomita 20 kwa dakika nne kila kilomita itasomeka 20:00, si 1:20:00. Ongeza saa nzima mwenyewe.

Saa za GPS kama Garmin Forerunner 55 zinakupa kilomita na kasi, na ukiwa na uwezo nunua. Lakini kwenye uwanja wa mita 400 umbali unaujua tayari, na saa hizo zinataka chaji na jicho la kuzilinda bwenini.

Bandia zimejaa. Kabla ya kulipa, shikilia kitufe cha kulia sekunde tatu: halisi huandika CASIO. Isipoandika, rudisha. Ikiandika bado kagua, kwani baadhi ya bandia nazo zinajua mchezo huo.

Betri ni CR2016, na Casio wanaikadiria miaka saba. Fundi atafungua skrubu nne za mfuniko wa nyuma. Simama karibu yake. Mpira wa kuzuia maji urudi kwenye mfereji wake, vinginevyo jasho litaingia. Na kuna kispringi kidogo kama punje ya mchele kinachogusa mfuniko. Hicho ndicho kinachopeleka umeme kwenye mlio. Kikidondoka mezani bila kuonekana, saa itaendelea kwenda vizuri kabisa, ila alfajiri haitaita tena.