Commer au Büssing? Lori kuukuu la Katwe
Gereji moja ya Katwe, Kampala, kuna lori kuukuu lisilo na beji, injini imelala chini ya sakafu. Mafundi wanabishana: Commer la Uingereza au Büssing la Ujerumani?

Inama uchungulie. Büssing hulaza injini katikati ya chasisi, nyuma ya ekseli ya mbele. Simba kwenye grili? Basi ni lenyewe. MAN, watengenezaji malori wa Ujerumani, waliinunua kampuni hiyo 1971, wakamrithi na simba.

Injini ya Commer, TS3, iliyotoka 1954, imejificha chini ya viti vya kabini: silinda tatu, pistoni sita zinazotazamana mbili mbili, wala haina silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Halafu ule mlio wa tustroki, injini inayowaka kila mzunguko mmoja! Hili la Katwe nilipoinua kiti tu, injini hiyo hapo. Commer, mzee.