Unalala kwenye IST? Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Mi nimelala kwenye IST, kile kigari kidogo cha Toyota, kuliko nilivyolala gesti. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, ukiwa dereva peke yako lazima kuna sehemu utazima tu, na kwa miaka hii nimenunua karibu kila kinachouzwa cha kulalia ndani ya gari, vingine nimeshagawa.

1. Sponji la kukatiwa kwa fundi makochi

Achana na godoro la dukani, mengi yanabanwa na matairi kule nyuma. Laza siti ya nyuma, sogeza ya mbele iende mbele mpaka mwisho, chomoa vile vimito vya kichwa, halafu pima toka mlango wa buti. Mwambie fundi sponji ngumu inchi 3, vipande vitatu ndani ya kitambaa kimoja ili likunjike. Inchi 6 utajuta, ukikaa tu kichwa kiko darini. Kabla hujalipa likandamize na ngumi, ukiisikia meza chini basi hilo siyo.

Ila ngoja, mateso ya IST hayako kwenye sponji, yako kwenye lile shimo kati ya siti ya mbele na ya nyuma. Nimejaza mabegi, nimejaza nguo, saa nane usiku yameshabonyea na kichwa kimezama humo. Kilichoniokoa ni kreti la soda na kipande cha plaiwudi juu yake, na mi futi 5 na inchi 8 nalala kimshazari miguu iko buti.

2. Neti ya madirisha

Morogoro ukifunga vioo unaiva, ukifungua mbu wanakubeba. Kuna zile zinavalishwa mlango mzima kama soksi alafu unashusha kioo, safi sana. Kama huzipati chukua chandarua chakavu ukibane kwenye bati la mlango na sumaku za spika mbovu, mi nilianza hivyo.

3. Blanketi zito

Makambako na Njombe mwezi wa sita mpaka wa saba siyo mchezo aisee. Na usije ukaacha injini inanguruma ili upate hita ukalala, moshi ukiingia ndani una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Hata kwenye baridi acha kioo wazi vidole viwili, la sivyo asubuhi vioo vinakudondoshea maji usoni.

4. Kava la kioo cha mbele

Lolote lile, bora taa za malori zisikumulike.

5. Godoro la upepo

Watu wanalisifia, mi nimeliweka mwisho. Langu lilianza kuvuja usiku wa tatu, na hata likiwa zima hewa ya ndani inapoa unasikia baridi toka chini, mkiwa wawili mmoja akigeuka mwenzie anarushwa.

Kama ni kusinzia masaa mawili usinunue kitu, laza siti ya mbele, kunja taulo weka kiunoni.

Pa kupaki ni sheli yenye mlinzi, umwombe kwanza. Mikumi usisimame kabisa, barabara inakatiza hifadhini, lala Morogoro au vumilia mpaka Iringa. Kreti usilibebe tupu, mlinzi akipewa soda moja baridi hakugongei kioo mpaka asubuhi.