Mkutano wa Bioteknolojia wa Kanda: Mji Mwenyeji Unabaki na Nini?

Nilihudhuria siku zote mbili za mkutano wa kanda wa wadau wa bioteknolojia, yaani matumizi ya viumbe hai kutengeneza dawa na bidhaa nyingine, nikiwa na swali moja: wageni wakishaondoka, mji ulioupokea mkutano unabaki na nini? Waandaaji walijibu mapema, katika hotuba ya ufunguzi, kwa kutaja hoteli zilizojaa, teksi na migahawa. Fedha hizo ni halali na wenyeji wanazihitaji, lakini mkutano wa fani yoyote ungezileta.

Sehemu iliyoniridhisha kabisa ni vikao vya ana kwa ana. Kampuni changa huomba kikao siku kadhaa kabla kupitia programu ya simu, hupangiwa meza yenye namba, na hupewa nusu saa ya kukaa na mwekezaji au kampuni kubwa inayotafuta mshirika wa utafiti. Kengele ikilia, watu huhama meza. Kwa siku mbili sikuona ratiba ikichelewa, na kwa mtafiti asiye na njia nyingine ya kumfikia mwenye mtaji, nusu saa hiyo inatosha kuwa sababu ya kulipa kiingilio.

Mjadala wa uchumi haukufikia kiwango hicho. Mzungumzaji aliusifu mji wa Mainz, Ujerumani, ambao kodi zilizolipwa na BioNTech, kampuni ya bioteknolojia ya mji huo, kutokana na chanjo yake ya UVIKO-19 ziliuwezesha kupunguza madeni yake. Ni mfano wa kweli, ila aliusimulia kuanzia mwisho. BioNTech ilianzishwa mwaka 2008, na waanzilishi wake, Uğur Şahin na Özlem Türeci, walikuwa wakifanya utafiti katika chuo kikuu cha mji huohuo. Kabla ya chanjo hiyo, kampuni haikuwa na dawa hata moja iliyoidhinishwa kuuzwa. Mji ulikaa na maabara zake zaidi ya miaka kumi kabla ya kuyaona mapato hayo makubwa, na katika miaka hiyo yote kinachowafikia wenyeji ni mishahara ya mafundi sanifu na kazi za wale wanaozihudumia maabara.

Mmoja wao nilimkuta kwenye maonyesho. Anatengeneza majokofu ya maabara yanayohifadhi sampuli katika nyuzi 80 chini ya sifuri, na juu ya meza alikuwa ameweka kompresa, mashine inayosukuma gesi ya kupoozea, iliyofunguliwa, akimwonyesha kila aliyesimama mahali inapoanzia kuharibika. Jokofu la namna hiyo likizimika usiku, kazi ya miaka inaweza kuharibika kabla ya asubuhi, kwa hiyo maabara inahitaji fundi anayeweza kufika ndani ya saa moja. Meza yake iliwekwa nyuma kabisa, karibu na lango la kupakulia mizigo, na wanafunzi wa vyuo vya mji huo waliruhusiwa kuingia alasiri ya mwisho tu, mabanda mengi yakiwa yameanza kufungashwa. Hilo ndilo kosa kubwa la mkutano huu, na kulirekebisha hakuhitaji fedha: wasambazaji na mafundi wa hapo wawekwe karibu na ukumbi wa vikao, na wanafunzi waingie siku ya kwanza.

Nitarudi kwa ajili ya vikao vile. Nilipokuwa natoka nilimwona yule fundi kwenye foleni ya kurudisha beji, akiandika namba ya msimamizi wa maabara aliyesimama mbele yake, ambaye kwa siku mbili hakuwa ameiona meza yake.